Michael Faraday na Mshumaa Wake

Wengi wetu hudhani kwamba sayansi haiwezekani pasipo maabara na vyombo vya bei kubwa. Maisha ya Michael Faraday yanatuonyesha vingine.

Alizaliwa karibu na London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mwenye maradhi ya mara kwa mara. Katika mwaka 1801, wakati wa dhiki, mtoto huyu alipewa mkate mmoja tu wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi.

Alipopata miaka 13 aliingia kazini kwa Bwana Riebau, mjalidi vitabu, kwanza kupeleka magazeti, halafu kujifunza kazi yenyewe. Vitabu alivyovijalidi mchana alivisoma jioni, na kila alilolisoma alitaka kulijaribu kwa mikono yake. Mwaka 1812 alitengeneza betri kwa sarafu saba za nusu peni, vipande saba vya zinki, na karatasi sita zilizoloweshwa maji ya chumvi.

Mwaka huo huo mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza mtaalamu Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy. Hata Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika Royal Institution. Hapo ndipo, mwaka 1831, alipogundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huleta umeme. Mitambo ya bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, inafuata kanuni hiyo.

Hata hivyo hakuwasahau watoto. Kati ya 1827 na 1860 alitoa mafunzo ya Krismasi kwa vijana mara 19. Mara ya mwisho alizungumza masomo sita mazima juu ya mshumaa tu!

Basi, msomaji, wakati wa likizo waite wadogo zako jikoni, iwe hapa Ruti au kule Nakivale. Moto ushike wewe mwenyewe, na kwanza waulize wanafikiri litatokea nini. Washa mshumaa, uache uwake kitambo, kisha uuzime polepole. Upesi, peleka kiberiti kinachowaka katika ule moshi mweupe, juu kidogo ya utambi. Moto utaruka chini na kuuwasha utambi, kwa kuwa moshi ule ni mvuke wa nta, na huo mvuke ndio unaowaka.

Sasa inamisha glasi kavu na baridi juu ya mwali kwa sekunde chache za kuhesabu kwa vidole, yaani muda mfupi tu. Ndani utaona ukungu. Hayo ni maji yaliyozaliwa motoni, haidrojeni ya nta ilipoungana na oksijeni ya hewa.

Majaribio hayo si mchezo mtupu. Mwaka 1963, katika Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona maziwa ya moto yameganda kabla ya yale ya baridi. Wenzake walimcheka, lakini hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la sayansi.

Faraday alikataa kupewa cheo cha heshima, akafa tarehe 25 Agosti 1867, akiitwa Bwana Faraday tu.