Nabii Ibrahim (AS): Baba aliyesubiri mtoto wa pili



Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunamtazama Nabii Ibrahim (AS). Kila Mfungo Tatu tunamkumbuka kwa habari ya kuchinja. Ni mara chache tunamkumbuka kama mume aliyeishi miaka mingi bila mtoto, kisha akaishi mingine na mtoto mmoja tu, ilhali mke aliyehama naye kutoka kwao hajashika mimba.

Nabii Ibrahim (AS) alikulia katika nchi ambayo leo ni Iraq, miongoni mwa watu walioabudu masanamu, na baba yake, Azar, akiwa mmoja wao. Alipoyavunja masanamu yale walimtupa motoni, na Mola wake akaufanya moto ule kuwa baridi na salama kwake. Akahama kwenda Sham pamoja na mkewe, Bibi Sara, na Nabii Lut (AS). Huko ugenini, bila ukoo wa kumtegemeza, alimwomba Mola wake mtoto mwema (Sura ya 37, aya ya 100).

Miaka ikapita. Walipofika Misri, mfalme wa huko alimpa Bibi Sara mjakazi aitwaye Hajar. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Bibi Sara, alipoona umri unakwenda na yeye hazai, alimtoa Hajar kwa mumewe, naye akamzaa Ismail (AS). Furaha ile haikukosa uchungu. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari inaonyesha kuwa wivu uliingia, na hatimaye Nabii Ibrahim (AS), kwa amri ya Mola wake, akampeleka Hajar na mtoto wake mchanga katika bonde kavu la Makka, ambako yalitoka maji ya Zamzam.

Nyumba ya Sham ikabaki kimya. Qur'ani haikutaja umri wa Nabii Ibrahim (AS), lakini Taurati waliyo nayo Mayahudi na Wakristo inasema alimpata Ismail akiwa na miaka 86 na Ishaq akiwa na miaka 100. Kwa hesabu hiyo, kati ya watoto hao wawili palipita miaka 14. Ndipo walipokuja wageni, naye akawaandalia ndama wa kuchoma, wasile, kwani walikuwa Malaika. Walileta habari njema ya Ishaq, na baada yake Yaakub. Bibi Sara alijipiga usoni kwa mshangao, akijijua ni mkongwe na tasa (Sura ya 51, aya ya 29). Nabii Ibrahim (AS) naye alistaajabu, akakumbushwa asiwe miongoni mwa waliokata tamaa.

Ndugu Waislamu, katika habari yote hiyo hatusomi kwamba Nabii Ibrahim (AS) alimtukana mkewe, wala kumfukuza kwa sababu hazai. Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama. Mtoto wa kwanza amefika darasa la nne, wa pili haonekani, na maneno yanaanza: mawifi wananong'ona, mume anasema yeye mzima kwa kuwa alikwishazaa. Kuzaa zamani si ushahidi wa leo. Mirija ya uzazi huweza kuziba kwa maambukizi yaliyofuata uzazi au mimba kuharibika, na mbegu za mwanamume huweza kupungua nguvu. Wataalamu wanashauri wanandoa wakikaa mwaka mmoja bila kinga na bila mimba wapimwe wote wawili. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Mume atangulie kupima manii, kwani kipimo hicho hakina maumivu.

Tunawafikiria hasa ndugu zetu wa Nyangoto, huko Nyamongo karibu na Mto Mara, ambako Waislamu wanaishi katikati ya mila ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiyezaa, au aliyezaa binti tu bila mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa msichana, na watoto anaowazaa msichana huyo huhesabiwa wa nyumba yake. Tunaielewa hofu iliyomo: nani atarithi boma, nani atamtunza mama uzeeni. Hata hivyo, ndoa katika Uislamu ni ya mume na mke, na nasaba haifichwi. Asije mtu akasema Bibi Sara alifanya hivyo hivyo. Ismail (AS) alijulikana baba yake ni nani, na Hajar alibaki kuwa mama yake.

Njia za halali zipo, na kila moja ina uzito wake. Tiba inaruhusiwa. Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), likikutana Amman, Jordan, liliruhusu kwa haja yai la mke kurutubishwa nje ya mwili kwa mbegu za mumewe na kurejeshwa tumboni mwake. Likakataza mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu, hata likiwa la mke mwenza. Gharama yake ni kubwa, na haina uhakika. Kuoa mke wa pili kumeruhusiwa kwa sharti la uadilifu, lakini aliye na tatizo akiwa mume, mke wa pili ataongeza mwenye kulia tu. Kulea yatima kuna thawabu kubwa, alimradi abaki na jina la baba yake (Sura ya 33, aya ya 5).

Ipo pia njia ya kuridhika. Mwenyezi Mungu (SW) humpa amtakaye binti, amtakaye wana wa kiume, na humfanya amtakaye tasa (Sura ya 42, aya 49 na 50). Bibi Aisha (RA) hakuzaa, akaitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake, na umma mzima unamwita mama.

Nabii Ibrahim (AS) alimshukuru Mola wake kwa Ismail na Ishaq pamoja, bila kumtukuza mmoja juu ya mwenziwe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awaruzuku wanaotafuta, awape subira wanaongoja, na azilinde ndoa zao wakati wa kungoja.