Emin Pasha: Gavana aliyeacha daftari la ndege

WAFANYABIASHARA wenzangu wa Arua na Koboko wanaijua methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeikumbuka mara nyingi tangu nilipoanza kufuatilia maisha ya Emin Pasha, mtu aliyetawala pande zetu hizi zaidi ya karne moja iliyopita, akapoteza karibu kila alichokuwa nacho isipokuwa daftari lake.

Jina hilo si geni kwetu. Majirani zetu Wanubi, ambao wengi wao ni vizazi vya askari wake, bado wanalitaja. Lakini ukiuliza alikuwa nani hasa, mmoja atakwambia Mwarabu, mwingine Mturuki, wa tatu Mwingereza. Hakuwa yeyote kati ya hao.

Alizaliwa Machi 28, 1840 katika mji wa Oppeln, wakati huo ukiwa Prussia, ambao leo uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye aliitwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari, akaenda kufanya kazi katika dola ya Waturuki, na baadaye akajipatia jina la Emin. Mwishoni mwa mwaka 1875 aliwasili Khartoum. Mwaka uliofuata alichukuliwa kuwa daktari wa Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Mwaka 1878 Emin mwenyewe akawa gavana.

Makao yake yalikuwa Lado, karibu na ilipo Juba ya leo. Jimbo lilifuata mto Nile hadi Ziwa Albert, likiwa na ngome Dufile, upande wa Moyo, na Wadelai, upande wa Pakwach. Sitaki kumpamba. Serikali yake ilitegemea pembe za ndovu, na askari wake walichukua nafaka na ng'ombe wa wanavijiji kwa nguvu.

Hata hivyo, alikuwa na tabia moja isiyo ya kawaida kwa watawala. Kila alikokwenda alikusanya ndege, wanyama na mimea. Ngozi ya ndege aliifungia kikaratasi chenye mahali na tarehe alipopatikana. Kisha hakuvifungia vitu hivyo sandukuni. Alivituma kwa mtaalamu Gustav Hartlaub huko Bremen, na vingine vikaenda makumbusho ya Vienna na London, ili wataalamu wavilinganishe na vya wengine. Mwaka 1880 Hartlaub alimpa shomoro mmoja jina la Emin. Mwaka 1882 alimpa ndege mwingine, aina ya mbwigu, jina la Kilatini lenye maana ya gavana. Majina hayo yanatumika hadi leo.

Bahati ya Emin katika utawala haikudumu. Wafuasi wa Mahdi waliasi Sudan mwaka 1881, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Emin akakatiwa njia, akahamia Wadelai. Mwaka 1888 Stanley alifika Ziwa Albert kumwokoa, lakini Agosti mwaka huo askari wa Emin mwenyewe walimweka kizuizini Dufile. Baadaye wakamwachia, na mwaka 1889 akaondoka na Stanley hadi Bagamoyo. Huko, katika karamu ya kuwapokea, alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu. Alipopona aliajiriwa na Wajerumani, akarudi bara mwaka 1890 na kuanzisha kituo cha Bukoba. Oktoba 1892, huku macho yake yakiwa karibu kupofuka, aliuawa Kongo na watu wa wakubwa wa biashara ya watumwa.

Jimbo lilimponyoka, na pembe za ndovu hazikumfaa kitu. Ndege wale wenye vikaratasi wangali wanawaeleza watafiti nini kiliishi wapi na lini.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapojiona. Familia yetu ilirudi kutoka Sudan mwaka 1986 kupitia Oraba, mimi nikiwa mtoto. Kifaru mweupe aliyekuwa hifadhi ya Ajai alikuwa amekwisha kutoweka, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Miti mikubwa ya beyo bado ilikuwepo, na tulipumzika chini ya mmojawapo. Leo siwezi kuonyesha hata kisiki chake, wala nyumbani kwetu hakuna anayejua ulikatwa mwaka gani.

Nami nina lawama. Kwa miaka mingi niliuza mkaa. Daftari langu lina idadi ya magunia, bei, ushuru na wadeni. Miti haimo hata ukurasa mmoja. Niliacha biashara hiyo baada ya Rais Museveni kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, Mei 2023.

Takwimu za serikali zinaonyesha misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi ya Uganda mwaka 1990, na asilimia 9 hivi mwaka 2015. Hesabu hiyo hutokana na picha za setilaiti, ambazo haziwezi kutaja kila mshea ulio nyuma ya nyumba yangu. Anayeweza kuutaja ni mimi. Chuo Kikuu cha Makerere kina benki ya takwimu za viumbe hai, na mtandao wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye ofisi Copenhagen, huweka wazi bila malipo kumbukumbu za makumbusho na watafiti wa nchi nyingi. Zinazotakiwa ni zilezile za Emin: kiumbe gani, mahali gani, tarehe gani.

Kumbukumbu zake zilikwenda Ulaya, na wengi wa wenyeji waliomsaidia kukamata ndege hawakutajwa. Zetu zisiishie huko. Shule na ofisi za misitu za Arua na Koboko nazo zipate nakala.

Mimi nimeanza. Kurasa za nyuma za daftari langu sasa zina miti ya shea iliyo kati ya nyumba yetu na barabara kuu, kila mmoja na tarehe niliyouona umesimama. Hadi sasa nimeandika 41.