Josina Machel na Bastola Aliyoirudisha

Jina la Bibi Josina Machel hutajwa mara nyingi pamoja na lile la mumewe, Marehemu Rais Samora Machel, na wengi humkumbuka kwa sare yake ya kijeshi katika picha za miaka ya vita. Lakini wasomaji wetu walio kambini na vituoni watanufaika zaidi wakiutazama mwaka wake wa mwisho, ambao alipigana na adui asiyeonekana, aliyekuwa ndani ya mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilanculos, katika jimbo la Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Jina lake la ujana lilikuwa Josina Abiathar Muthemba. Baba yake alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali ya kikoloni, na ndiyo sababu binti huyu wa kusini aliingia shule ya msingi, akiwa na umri wa miaka saba, mbali kabisa na kwao, katika mji wa Mocímboa da Praia kwenye pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Mji huo wa Wamwani na Wamakonde, wenye majahazi na minazi, umefahamika kwa askari wa siku hizi kwa sababu nyingine, kwani ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na kukombolewa Agosti 2021. Katika miaka ya hamsini ulikuwa bandari ndogo, na shule aliyosoma Josina ilikuwa ya watoto wa Wareno na wa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika kwa kipimo cha Mreno.

Mwaka 1956 alipelekwa Lourenço Marques kuendelea na masomo, na huko akajiunga na umoja wa wanafunzi Waafrika wa shule za sekondari, ambao Dakta Eduardo Mondlane alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Machi 1964 alitoroka pamoja na wenzake, akiwemo Armando Guebuza aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, wakiazimia kufika Tanzania. Walikamatwa Rhodesia, wakarudishwa na kutiwa gerezani kwa miezi kadhaa. Alipofunguliwa hakukaa sana. Alitoroka tena kwa njia ya Swaziland, na safari hii akafika.

Mjini Dar es Salaam alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji chini ya Bibi Janet Mondlane. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wasichana 25 waliokwenda Nachingwea kupata mafunzo ya kijeshi kwa miezi mitatu, na hicho ndicho kilichokuwa chanzo cha Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO. Kazi ya kikosi hicho haikuwa ya kupamba gwaride. Walibeba risasi na mizigo kwa miguu, walilinda maeneo yaliyokombolewa, walifundisha, na waliwatunza majeruhi na yatima. Mwaka 1969 Josina alikabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii. Mwezi Mei mwaka huo aliolewa na Samora huko Tunduru, na mwezi Novemba akajifungua mtoto wa kiume.

Hapo ndipo maradhi yalipoingia. Mwaka 1970 alianza kuona maumivu ya tumbo na uchovu usiokwisha, naye alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Ulikuwa mwaka mgumu kwa harakati nzima. Mumewe alichaguliwa Rais wa FRELIMO mwezi Mei, na kati ya mwaka Jenerali Kaúlza de Arriaga aliwamwaga maelfu ya askari wake katika Cabo Delgado. Katika hali kama hiyo ni rahisi kwa mpiganaji kujiambia kwamba tumbo litasubiri. Josina alikubali kusafiri hadi Moscow kutibiwa, akimwacha mtoto mchanga. Madaktari walilitilia shaka ini lake, wakamwagiza apumzike na ashike miiko ya chakula.

Wako walioandika baadaye kwamba maradhi yenyewe yalikuwa saratani ya kongosho, na wengine wametaja saratani ya damu. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na uvimbe wake huweza kukua kwa muda mrefu bila kuguswa na mkono wa daktari. Dalili zake, maumivu na kudhoofika, hufanana na za maradhi mengine mengi, yakiwemo ya ini. Mashine ya kompyuta ya kupiga picha za ndani ya mwili ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, nayo ilikuwa ya kichwa tu.

Aliporudi hakupumzika. Mapema mwaka 1971 alivuka Ruvuma, akazunguka Cabo Delgado kwa miguu kukagua kazi ya idara yake. Wengi husifu safari hiyo kuliko yote aliyoyafanya. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba ushujaa wake ulikuwa katika kuipuuza amri ya daktari, maana askari yeyote aweza kuipuuza, na wengi huipuuza. Ushujaa wake ulionekana mwishoni mwa safari. Yasimuliwa kwamba mwezi Machi, alipotambua kuwa nguvu zimemwishia, aliitoa bastola yake akawakabidhi wenzake, akataka ifikishwe kwa kamanda wa jimbo ili iendelee kutumika, kwa kuwa yeye hakuweza tena kuendelea. Hakungoja mtu amnyang'anye, wala hakuificha hali yake kwa kuona haya. Sisi tulio na desturi ya kukagua silaha kila asubuhi, na kumwambia mganga wa kikosi kwamba hatuna lolote, tutajua uzito wa tendo hilo.

Alirudi Dar es Salaam. Tarehe 5 Aprili hali ilikuwa mbaya sana, akapelekwa Hospitali ya Muhimbili, na tarehe 7 Aprili 1971 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 25. Mji huo haukuwa bado na taasisi ya saratani inayojitegemea. Ile ya Ocean Road ilipata hadhi hiyo mwaka 1996.

Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni. Samora, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha majonzi yake hadharani, alimtungia shairi. Mwaka uliofuata FRELIMO iliitangaza tarehe 7 Aprili kuwa siku ya wanawake wa Msumbiji, na baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa katika Uwanja wa Mashujaa mjini Maputo. Katika mji huohuo, shule kubwa ya sekondari iliyoitwa kwa jina la Salazar wakati wa ukoloni huitwa Josina Machel.