Sultani wa Kilwa ambaye sarafu yake ilifika Zimbabwe

Al-Hasan bin Suleiman alitawala Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania ya leo, katika karne ya 14. Kabla ya hapo alikwenda kuhiji Makka, akakaa Aden akisoma. Aliporudi na kushika utawala, Kilwa ilikuwa ikisimamia biashara ya dhahabu kutoka bara, iliyopitia bandari ya Sofala, nchini Msumbiji.

Kwa utajiri huo alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la pembe nane, na kuupanua Msikiti Mkuu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika kwake mwaka 1331. Alisimulia kwamba sultani huyo alimpa maskini kutoka Yemen nguo alizokuwa amevaa. Kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Magofu ya Kilwa yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, kwani bahari ilikuwa ikila kingo na kuta zikianguka. Baada ya ukarabati, yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014.

Sarafu ya shaba yenye jina lake ilipatikana Great Zimbabwe, mbali sana na pwani. Ingeuzwa kimyakimya sokoni, ushahidi huo wa biashara ya mababu zetu ungepotea. Mfanyabiashara anayeletewa sarafu au kigae cha kale asinunue. Apeleke taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.