Mary Leakey na Nyayo za Ngorongoro



Likizo iliyopita tulipanda korongo la mto Engaresero, maji magotini, kuta za miamba zikitubana huku na huku, hadi kwenye maporomoko. Kesho yake tulipelekwa kusini mwa Ziwa Natron kuona nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale, zilizogandia kwenye majivu ya volkano. Njiani tulimzungumzia mama mmoja aliyefariki kabla hatujazaliwa.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, mchoraji, alikwenda naye Ufaransa, na huko Cabrerets paroko wa kijiji, Padre Lemozi, akamwingiza katika pango la Pech Merle lenye michoro ya kale. Baba alifariki mwaka 1926. Mama yake Mkatoliki akampeleka shule za masista, nazo hazikumweza: alifukuzwa mara mbili, mara moja kwa kusababisha mlipuko maabara. Ukubwani hakuwa mtu wa dini. Walezi wetu watusamehe kumwandika hapa, lakini aliyemtangulia pangoni alikuwa padre.

Mwaka 1935 alifika Oldupai, korongo la kilomita zipatazo 48 lililopewa jina la mkonge mwitu, lenye tabaka jekundu linaloonekana kutoka mbali. Mwaka uliofuata akaolewa na Louis Leakey. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea juani, macho chini, miaka na miaka. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alilala kambini na homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la miaka milioni 1.75. Hata leo wengi humsifu mume tu!

Mwaka 1978, huko Laetoli, yeye na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, kabla ya zana yoyote ya mawe iliyojulikana wakati huo. Hapo ndipo sisi wa falsafa tulipobishana hadi usiku. Aristotle alitufundisha kwamba mtu ni mnyama mwenye akili. Je, miguu ilitangulia akili? Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu asili ya mwili ichunguzwe, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Lakini waliopita Laetoli walikuwa watu? Hatukukubaliana. Mary naye hakuwa na haraka: wenzake walipowapa viumbe hao jina jipya la kisayansi, alidai jina lake liondolewe kwenye makala.

Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Nyayo za Laetoli zilifukiwa tena zisiharibike, ndiyo maana sisi tulikwenda Engaresero.