Daktari Esdaile na Usingizi Usio na Dawa

Sisi tuliozaliwa Bungoma hatuhitaji kufundishwa kwamba akili yaweza kushindana na maumivu. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, vijana wa Kibukusu hupakwa tope mtoni alfajiri, kisha husimama wima mbele ya kisu cha ngariba bila kupepesa jicho. Nami nilisimama hivyo. Uchungu niliusikia sana, ila sikuuonyesha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karani wa kutunza faili za wagonjwa huko Kitale, nilisoma habari za daktari aliyesema kwamba wagonjwa wake hawakusikia uchungu hata kidogo. Jina lake ni James Esdaile, na wanaofuata historia ya udaktari wanamjua vyema.

Alizaliwa Montrose, Uskoti, mwaka 1808. Alisomea udaktari Edinburgh, kisha akaenda India. Mwezi wa Aprili 1845, katika mji wa Hooghly, aliletewa mfungwa mwenye mabusha mawili. Nusukaputi ilikuwa haijaanza kutumiwa hospitalini. Mtu alipasuliwa macho wazi huku ameshikwa. Busha la kwanza lilipotibiwa, mfungwa aliugua kwa uchungu. Esdaile alikuwa amesoma tu, wala hajapata kuona, habari za kumlaza mtu kwa kumpitishia mikono mbele ya uso na mwili. Akajaribu kwa muda mrefu. Mgonjwa akalala, na alipochomwa pini hakushtuka.

Tangu hapo Esdaile aliandika habari za mgonjwa mmoja mmoja: ugonjwa wake, saa alizolazwa, alivyokatwa, alivyoamka. Kazi ya kupitisha mikono, iliyochukua saa nyingi, aliwaachia wasaidizi wake wa Kihindi. Mwaka 1846 alitoa kitabu, na hatimaye akataja wagonjwa 161 aliowaondolea uvimbe mkubwa wa matende. Kwa hesabu yake, waliokufa ni kama watano katika kila mia, wakati ambapo upasuaji wa namna hiyo uliua wengi zaidi.

Serikali ya Bengal iliteua kamati ishuhudie. Hapo ndipo lilipozuka swali ninalolijua tangu mtoni. Baadhi ya wagonjwa walijikunja na kukunja uso, lakini walipoamka walisema hawakusikia kitu. Je, hawakuumwa kweli, au walivumilia? Hata hivyo Esdaile alipewa hospitali ndogo mjini Calcutta, Novemba 1846. Bahati mbaya, mwezi uliotangulia, mjini Boston, etha ilikuwa imeonyeshwa hadharani kuwa yaweza kumlaza mgonjwa kwa dakika chache. Nani tena angengoja saa nyingi? Esdaile aliondoka India mwaka 1851, akafariki Uingereza mwaka 1859.

Yeye aliamini kwamba nguvu fulani hutoka mwilini mwa daktari ikamwingia mgonjwa. Hapo alikosea. James Braid, daktari wa Manchester, alikwisha kueleza mwaka 1843 kwamba siri imo katika akili ya mgonjwa mwenyewe inapokaza fikira mahali pamoja, naye ndiye aliyeeneza jina la hipnosi. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosi kuwa tiba mwaka 1955, na kile cha Marekani mwaka 1958.

Basi Esdaile atufaa nini? Maelezo yake yalianguka, lakini kumbukumbu za wagonjwa wake zilibaki, na wengine wakaweza kuzipima upya. Upungufu wake ni kwamba hakuweka kando yao wagonjwa wa aina ile ile waliopasuliwa bila kulazwa, ili hesabu zilinganishwe. Watafiti wa leo hufanya hivyo.

Katika kazi yangu ya ukarani niliona faili nyingi zilizoandikwa neno moja tu: nafuu. Aliyepata nafuu aliipataje? Alipewa nini, na alisema nini alipoulizwa? Yule kijana aliyesimama mtoni hakuulizwa na mtu. Mgonjwa aulizwe, na jibu lake liandikwe lote.