Peter Maivia: Chifu wa mieleka aliyejenga ukoo kwa kiapo

Vijana wengi wa Kigali wanamfahamu The Rock, mwanamieleka aliyegeuka kuwa mcheza filamu. Wanamfahamu pia Roman Reigns na mapacha wanaoitwa Uso. Ukiwauliza watakuambia kwamba wote hao ni ukoo mmoja wenye asili ya visiwa vya Samoa. Ukoo mmoja ni kweli, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani. Ndiyo maana leo nimeona nimzungumzie marehemu Peter Maivia. Maisha yake yanatuhusu sisi tuliorudi nyumbani kutoka Tanzania, Uganda, Kongo na Burundi, na wenzetu wanaovuka Rusumo, Gatuna na Goma kutafuta riziki.

Maivia alizaliwa mwaka 1937 katika Samoa ya Magharibi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fanene Leifi Pita. Mieleka aliifanya New Zealand, kisha Uingereza, na mwaka 1967 alionekana katika filamu ya James Bond akipigana na Sean Connery. Baadaye alihamia Marekani, pwani ya California. Mwilini alikuwa na pe'a, ile michoro ya wino ya Kisamoa inayoanzia kiunoni hadi magotini, ambayo kuichorwa ni maumivu ya siku nyingi. Ulingoni walimwita Chifu Mkuu.

Huko San Francisco alishinda mikanda ya mieleka ya wawili wawili, akishirikiana na Ray Stevens na pia Pat Patterson. Katika mchezo huo mmoja hupigana na mwenzake husubiri nje ya kamba. Aliye ndani akizidiwa hunyoosha mkono, wakagusana viganja, na yule wa nje akaingia kumwokoa. Mwaka 1977 alijiunga na kampuni ya New York ambayo leo inaitwa WWE. Mwaka 1978 alimgeuka mwenzake Bob Backlund mbele ya kamera, na mashabiki waliompenda wakamzomea. Hayo yalikuwa maigizo ya ulingoni.

Nje ya ulingo alikuwa mtu wa aina nyingine. Maivia na Amituana'i Anoa'i walihesabiana kuwa ndugu wa damu ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Sisi Wanyarwanda jambo hilo si geni. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kunywana, ambapo watu wawili wa koo tofauti walifanywa ndugu kwa damu na kiapo, na aliyekivunja aliogopwa kama mkosi. Watoto wa Anoa'i, Afa na Sika, wakawa kama watoto wa Maivia. Ndio waliounda timu ya Wasamoa wawili iliyotwaa mikanda ya kampuni hiyo ya New York mara tatu, kati ya mwaka 1980 na 1983. Afa baadaye alikuwa meneja wa timu ya mwanawe Samu na mpwa wake, na akafungua chuo cha mieleka Pennsylvania. Afa na Sika walifariki mwaka 2024. Roman Reigns ni mtoto wa Sika.

Na The Rock je? Mama yake, Ata, alikuwa binti wa Lia, mke wa Maivia, na Maivia alimlea kama mwanawe wa kumzaa. Ata aliolewa na Rocky Johnson, mwanamieleka mweusi kutoka Kanada. Kwa hiyo The Rock hana damu ya Maivia, na hana damu ya Anoa'i kwa upande huo. Hata hivyo, alipoingia ulingoni New York mwaka 1996 alijiita Rocky Maivia, jina la baba pamoja na la babu. Nani atamwambia kwamba yule hakuwa babu yake?

Mwaka 1980 Maivia alianza kuandaa mapambano yeye mwenyewe huko Hawaii. Hakuifaidi biashara hiyo kwa muda mrefu, kwani alipatwa na saratani na akafariki tarehe 13 Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 45. Mjukuu wake alikuwa na miaka 10. Lia, mjane wake, alishika usukani wakati ambapo wanawake waandaaji wa mieleka walikuwa wachache mno. Aliiendesha kampuni hadi ilipofungwa mwaka 1988. Mwaka 2008 WWE ilimwingiza Maivia katika orodha yake ya magwiji, na aliyemtambulisha ni mjukuu huyohuyo.

Wengi wetu tulilelewa ughaibuni na watu wasiotuzaa. Tuliporudi, baadhi yetu tulianza kuhesabu upya nani ni ndugu na nani si ndugu, hasa kiwanja au urithi ulipotajwa. Nawaomba wenzangu tusifanye hivyo. Mama aliyekulea Kagera au Masisi ni mama yako, na yule anayekupa mzigo kwa mali kauli ng'ambo ya mpaka, bila karatasi, amekufanya ndugu. Kampuni ya Maivia ilifungwa zamani, lakini watoto wa kiapo chake bado wanaitana ndugu.